Tusiwaachie Mafundi Wetu Pindo Peke Yake



Kigango kikishamaliza kuezeka, kamati ya ujenzi haichelewi kukutana tena. Mabati yamelipiwa, madirisha yana nondo, sasa limebaki suala la ndani: sanamu, msalaba wa altareni, Njia ya Msalaba, tabernakulo. Mara nyingi kikao hicho huwa kifupi. Mjumbe mmoja anatoa simu na kuonyesha picha za duka la vifaa vya kanisa, bei inatajwa, mchango unagawanywa kwa jumuiya ndogondogo, na ajenda inafungwa kwa sala. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kama kati ya Zuzu na Bihawana yupo anayeweza kuchonga, kufinyanga au kuchora kimojawapo cha vitu hivyo.

Sisi tunaosoma falsafa leo ndio tutakaokaa katika vikao hivyo kesho, Mungu akipenda. Ndiyo maana tunaliandika jambo hili sasa. Na wala hatujalibuni wenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia, Sacrosanctum Concilium ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza katika namba 129 kwamba wakleri wafundishwe historia ya sanaa takatifu wakiwa bado katika masomo ya falsafa na teolojia. Namba 123 ya hati hiyohiyo inaeleza kwamba Kanisa halijawahi kuuchagua mtindo mmoja wa sanaa na kuuita wake peke yake, bali limepokea mitindo ya kila zama na ya kila taifa. Kwa hiyo swali la nani achonge tabernakulo ya kigango ni swali la frateri pia.

Hoja yetu ni moja. Utamadunisho wa sanaa katika makanisa yetu umekubaliwa kwa maneno, lakini kwa vitendo umeishia pembeni. Fundi wa hapa anaitwa kushona pindo: kitenge cha altare, mkeka wa kupokelea matoleo, vikapu vya siku ya mavuno. Kitovu, yaani kile ambacho macho ya waamini yanakielekea wanaposali, kinaagizwa kutoka mbali, kikiwa kimemiminwa katika kalibu ileile iliyomimina maelfu ya vingine. Tunaamini fundi huyo anapaswa kupewa kitovu.

Uso wa Bath

Tuanze mbali, mahali ambapo hakuna kati yetu mwenye mgogoro napo. Waroma waliivamia Uingereza mwaka 43 baada ya Kristo, wakaitawala kama jimbo la dola yao, Britannia, hadi karibu mwaka 410. Waliwakuta wenyeji wa lugha za Kiselti, mafundi hodari wa shaba na dhahabu. Mistari ya wenyeji hao ilijikunja na kujikunjua kama mmea utambaao, na ndani ya mikunjo hiyo uso wa mnyama au wa mtu uliweza kujificha: ukitazama hivi unauona, ukitazama vile umepotea. Waroma wao walikuja na urithi walioupata kwa Wagiriki, yaani kuuonyesha mwili wa mtu jinsi ulivyo, wenye misuli, uzito, na vazi linalofuata umbo la goti na bega.

Katika mji unaoitwa leo Bath kuna chemchemi ya maji moto. Wenyeji walimheshimu hapo mungu wao wa kike, Sulis. Waroma wakamwunganisha na Minerva wao, wakajenga hekalu la nguzo kwa mtindo wa kwao. Juu ya nguzo za mbele kulikuwa na pembetatu ya mawe yenye michongo. Vipande vyake vilifukuliwa mwaka 1790 na vingali vinaonekana katika makumbusho ya mji huo. Pembeni mambo ni ya Kiroma: viumbe wa ushindi wenye mabawa wameinua ngao ya mviringo. Katikati ya ngao, kwa desturi ya Wagiriki na Waroma, angekaa Gorgoni, mwanamke wa hadithi mwenye nyoka kichwani. Lakini mchongaji aliweka uso wa mwanamume mwenye masharubu mazito na macho makali, nywele na ndevu zikisambaa pande zote kama miale ya moto. Nyoka wapo, mabawa yapo, ila uso wenyewe ni wa ulimwengu wa Kiselti. Jina la mchongaji halikuhifadhiwa. Tunachoweza kukisoma katika jiwe lake ni kwamba aliijua mitindo yote miwili, na kwamba alipewa katikati.

Tusidhani jimbo lote lilikuwa hivyo. R. G. Collingwood, mwanafalsafa wa Oxford ambaye pia alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale ya Uingereza ya Kiroma, alitoa hukumu kali katika kitabu cha mwaka 1936. Kwake, sehemu kubwa ya sanaa ya jimbo lile ilikuwa nakala butu, isiyo na uzuri wa Roma wala uhai wa Waselti, na uso wa Bath ulikuwa miongoni mwa vitu vichache vilivyosalimika. Wataalamu waliokuja baadaye wameupunguza ukali wa hukumu hiyo, lakini sababu aliyoiona inatugusa. Bidhaa zilizotengenezwa kwa wingi, zenye umbo moja kutoka mwisho mmoja wa dola hadi mwingine, ziliizoeza mikono ya wenyeji kunakili.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Tamaduni mbili zinaweza kukaa pamoja miaka mia tatu na zaidi zisizae kitu, kama moja inaagiza na nyingine inanakili. Mchanganyiko haujitokezi wenyewe kwa sababu ya muda. Hutokea pale mtu anayezijua zote mbili anapokabidhiwa jambo lenye uzito.

Na kwa sisi Wakristo upo ushahidi wa karibu zaidi kutoka jimbo hilohilo. Mwaka 1963, mwaka uleule wa hati ya liturujia, ilifukuliwa katika kijiji cha Hinton St Mary sakafu ya vijiwe vya rangi ya karne ya 4. Katikati yake kuna uso wa mwanamume asiye na ndevu, na nyuma ya kichwa chake herufi za Kigiriki Chi na Ro, alama ya jina la Kristo. Wataalamu wengi wanaiona kuwa picha ya Bwana wetu, mojawapo ya picha zake za kale sana katika sanaa ya vijiwe. Waamini wale wa jimbo la pembezoni hawakungoja sura ya Kristo iletwe kutoka Roma ikiwa tayari imekamilika. Waliitengeneza papo hapo kwa vijiwe na mafundi waliokuwa nao, na wakaiweka katikati.

Masikio yametangulia macho

Tukirudi kwetu, tuseme haki: kwa upande wa muziki tumefika mbali. Padre Stephen Mbunga, mwana wa Tanzania, alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, wakati Mtaguso wenyewe haujamalizika. Waliomfuata wametunga misa nzima kwa Kiswahili na kwa lugha za makabila. Hapa uwanda wa kati, Wagogo wanasifika kwa uimbaji wa sauti nyingi zinazofumwa pamoja na kwa ngoma za muheme zinazopigwa na wanawake. Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alizifikisha ilimba na zeze katika majukwaa ya Ulaya. Leo mwamini akisikia ngoma kwenye Utukufu hashtuki tena. Na tuangalie vizuri: Utukufu si pindo la Misa. Muziki wetu ulipewa nafasi ndani ya ibada yenyewe, ndiyo maana ulikua.

Macho yamebaki nyuma. Tunaimba kwa sauti za hapa tukiwa tumezitazama sanamu zilizomiminwa kwingine. Wapo wanaojibu kwamba kwetu hakuna utamaduni wa picha, kwamba Waafrika wa bara ni watu wa ngoma na masimulizi tu. Jibu hilo halina msingi, na mkoani Dodoma halina msingi zaidi kuliko pengine popote. Michoro ya miambani ya Kondoa, ile ya Kolo na maeneo ya jirani, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ipo michoro myekundu ya kale ya wawindaji, na ipo michoro myeupe ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye, mahali pengine ikiwa imechorwa juu ya ile ya kwanza. Watu wamekuwa wakichora katika uwanda huu kwa maelfu ya miaka. Na karibu nasi zaidi kuna vyungu, vigoda vya kuchongwa, vibuyu, shanga, na zeze lenyewe, ambalo kabla ya kutoa sauti ni kazi ya mikono.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatumia mara nyingi kanuni ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa falsafa anaikariri: kinachopokelewa hupokelewa kwa namna ya yule anayekipokea. Maji hufuata umbo la chungu. Kanuni hiyo haisemi kwamba maji hubadilika kuwa udongo, na haisemi kwamba chungu kivunjwe ili maji yabaki safi. Inasema tu kwamba bila chungu hakuna mtu anayekunywa. Wamisionari walioleta mzabibu Dodoma walilifahamu jambo hili hata kama hawakuliandika. Mzabibu ni mgeni, asili yake ni nchi za mbali, na ulikuja ukiwa umefungamana na divai ya Misa. Lakini haukubaki kwenye chungu cha maua barazani kwa mapadre. Ulipandwa katika udongo huu wa ukame, ukashikwa na mikono ya wakulima wa hapa, na leo anayetaja Dodoma anataja zabibu. Hakuna anayedai kwamba mzabibu wa Dodoma si mzabibu wa kweli.

Waliothubutu

Afrika Mashariki ina mifano, na inafaa kuipanga kwa kuangalia ni mkono wa nani uliofanya kazi.

Wengi wetu tunaijua Basilika ya Mashahidi wa Uganda kule Namugongo, iliyowekwa wakfu mwaka 1975. Umbo lake linafuata nyumba ya jadi ya Waganda, na nguzo zake 22 zinahesabu Mashahidi Wakatoliki 22. Msanifu wake, Justus Dahinden, alikuwa Mswisi. Hapo wazo lilichukuliwa kwa wenyeji, na mkono uliochora ramani ulikuwa wa mgeni. Bado ni hatua kubwa: anayefika pale tarehe 3 Juni anaelewa bila kuelezwa kwamba wafia dini hao walikuwa watu wa nchi ile.

Bujora, karibu na Mwanza, ilikwenda mbele zaidi. Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliishi miaka mingi na Wasukuma, akajifunza alama za watemi wao, na alama hizo zikaingia katika kanisa hadi kwenye patakatifu. Alizikaribisha pia ngoma za Bagika na Bagalu, na mashindano yao ya Bulabo yakaambatana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Kinachotufundisha Bujora ni mahali alama zilipowekwa. Kiti cha mtemi hakikuwekwa mlangoni kama pambo la watalii. Heshima iliyokuwa ya mtemi ilielekezwa kwa Kristo aliye katika Ekaristi, na Msukuma aliyeingia alijua mara moja ni nani anayeketi hapo.

Mfano wa tatu tunauchukua kwa ndugu zetu Waanglikana. Katika kanisa kuu la Murang'a nchini Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau, Elimo Njau alichora ukutani picha tano kubwa, akazimaliza mwaka 1959: Kuzaliwa kwa Bwana, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Msalaba. Njau ni Mtanzania, Mchagga wa Kilimanjaro, aliyesoma sanaa Makerere chini ya mwalimu Margaret Trowell. Mbinu ya kuchora ukuta kwa mfululizo wa matukio ya Injili ni ya Ulaya, na mtu aliyezoea makanisa ya Italia angeitambua. Lakini vilima ni vya Murang'a, watu ni wa Murang'a, na Yesu ni Mwafrika. Fikiria mjane wa vita ile, aliyezika watu wake kwenye vilima vile, anapoinua macho na kumwona Msulubiwa katika mandhari anayoijua. Hakuna sanamu ya kuagiza inayoweza kumwambia neno lile. Hapo fundi wa kwetu alipewa kitovu, na hakukiharibu.

Hofu tatu za kweli

Tumezungumza na waamini juu ya jambo hili, na hofu zao ni za haki. Hatutaki kuziruka.

Ya kwanza ni ushirikina. Mzee mmoja wa kigango anauliza: tukileta alama za wazee altareni, hatutawarudisha waganga kwa mlango wa nyuma? Swali hili ni la zamani kuliko sisi. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Abate Mellitus aliyekuwa njiani kwenda Uingereza, na barua hiyo imehifadhiwa na Mtakatifu Beda. Papa aliagiza sanamu za miungu ziharibiwe, lakini majengo ya mahekalu yaliyo imara yasibomolewe: yanyunyizwe maji ya baraka, ziwekwe altare ndani yake. Yaani alitofautisha. Sisi pia tunapaswa kutofautisha. Kuna vitu vilivyotengwa kwa ajili ya kupiga ramli na kutambika, na hivyo havina nafasi. Lakini chungu ni chungu, kigoda ni kigoda, na mistari ya ushanga ambayo mama amevaa siku ya harusi ni furaha tu ya binadamu. Tusimpe mganga umiliki wa kila kitu kizuri kilichotengenezwa na babu zetu. Kazi ya kutofautisha haifanywi na frateri mmoja mwenye shauku, bali na paroko, makatekista na wazee wanaojua maana ya kila alama, chini ya mamlaka ya Askofu.

Ya pili ni ya bibi zetu. Bibi ana picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ukutani, ile yenye uso wa Kizungu, na amesali mbele yake tangu alipoolewa. Ameililia alipofiwa, ameishukuru alipopata wajukuu. Je, tunataka kumwambia kwamba alikosea? Hapana kabisa. Picha ile imekuwa ya kwake kwa machozi yake, na yeyote atakayeiondoa ukutani kwa jina la utamadunisho amemkosea bibi na amekosea utamadunisho wenyewe. Hatupendekezi kuondoa kitu. Tunazungumzia kuta ambazo bado ni tupu na tabernakulo ambazo bado hazijanunuliwa.

Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote kwa Dodoma ya leo: utamaduni wa nani? Katika jumuiya moja utamkuta Mgogo, Mrangi, Msandawe, Mnyaturu, Mhehe, na mtumishi wa serikali aliyehamia juzi kutoka Mbeya au Bukoba. Tukichora Kigogo, wengine hawatajiona wageni?

Jiwe moja la kaburi kutoka jimbo lile la Britannia linatusaidia kujibu. Lilipatikana South Shields, kaskazini ya Uingereza, na ni la karne ya 2. Marehemu ni Regina, mwanamke wa kabila la Wakatuvelauni, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru na kuolewa. Mume wake Barates alitoka Palmira, Siria. Regina amechongwa ameketi kwenye kiti cha kusukwa, na karibu naye kuna zana za kusokotea na kikapu cha sufu, kama mama yeyote mwenye heshima nyumbani kwake. Maandishi makuu ni ya Kilatini, lugha ya dola, na chini yake mume ameandika maneno machache ya majonzi kwa lugha yake mwenyewe, ambayo ni tawi la Kiaramu, ndugu wa lugha aliyosema Bwana wetu. Mwanamke wa Uingereza, mume wa Siria, lugha ya Roma, jiwe moja. Hakuna aliyemfukuza mwenzake, kwa sababu kila mmoja alileta kile alichokuwa nacho cha kweli. Kilichokosekana pale ni kitu kisicho cha mtu yeyote.

Hilo ndilo jibu letu. Sanamu ya kiwandani inaonekana kuwa ya wote kwa sababu si ya mtu. Kanisa la Zuzu likibeba alama za Wagogo, wenyeji wa ardhi hii, halimfungii mlango Mhaya. Linamkaribisha kama mwenyeji anavyomkaribisha mgeni, na mwenyeji asiye na nyumba hawezi kumkaribisha mtu. Na kama katika jumuiya kuna Mmakonde anayejua kuchonga mpingo, naye alete mkono wake.

Tunachopendekeza

Mambo manne, yote yanayowezekana katika kigango cha kawaida.

Kwanza, kabla kamati haijaagiza chochote, iulize jumuiya kwa jumuiya: nani hapa anachonga, anafinyanga, anasuka, anachora? Liandikwe jina lake. Tunadhani vigango vingi vitashangaa kwa urefu wa orodha.

Pili, kianzwe na kitu kimoja chenye uzito. Kisima cha ubatizo kilichofinyangwa na mama mfinyanzi wa hapa kina thamani kuliko mapazia kumi ya kitenge. Kitu kimoja kikifanywa vizuri, waamini wenyewe watadai cha pili.

Tatu, fundi asiachwe peke yake. Akae na katekista na paroko, aelezwe maana ya kitu anachokitengeneza na masharti yake ya kiliturujia, na michoro ipelekwe jimboni kabla kazi haijaanza. Mtaguso uliagiza katika namba 126 na 127 kwamba Askofu asaidiwe na tume ya sanaa takatifu, na kwamba wasanii walelewe. Hatuwezi kumlaumu fundi kwa kutojua kile ambacho hatujamfundisha.

Nne, alipwe. Kamati inayolipa bei ya dukani bila kunung'unika mara nyingi humwomba fundi wa kijijini ajitolee kwa ajili ya Mungu. Anaweza kujitolea akipenda, kama mwamini mwingine yeyote. Lakini kazi ya mikono ni kazi, na mfanyakazi anastahili ujira wake. Katika miaka ya 1970 Sista Jean Pruitt wa Shirika la Maryknoll alisaidia kuanzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, mahali ambapo vijana wasanii walipata nafasi ya kazi na soko, na majina makubwa ya sanaa ya Tanzania, kama George Lilanga, yalipita pale. Watawa na mapadre wameshawahi kuona kwamba msanii ni mtu wa kuhudumiwa na si wa kutumiwa.

Kwa nini sasa

Tunaandika haya mwaka huu na si baada ya kupadrishwa kwa sababu muda hautusubiri. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mji umekua mbele ya macho yetu. Treni ya umeme imefika. Mashamba ya uwele na mizabibu upande wa Zuzu yanapimwa viwanja, na kila mtaa mpya utahitaji kanisa. Makanisa yatakayojengwa katika miaka kumi ijayo ndiyo ambayo wajukuu wa waamini wa leo watabatiziwa. Wakati huohuo, mama wanaojua kuchoma vyungu na wazee wanaojua kutengeneza zeze wanazeeka, na vijana hawarithi kazi isiyo na mnunuzi. Mambo haya mawili yanakutana katika kizazi chetu: kuta nyingi mpya, na mikono inayopungua. Tukichelewa, tutakuwa na kamati zilizo tayari kuuliza, lakini hatakuwepo wa kujibu.

Tarehe 31 Julai 1969, akiwa Kampala, Mtakatifu Paulo VI aliwaambia Waafrika kwamba wanaweza na wanapaswa kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Zaidi ya nusu karne imepita. Waroma walikaa Uingereza kama karne tatu na nusu, na kwa sehemu kubwa, kama Collingwood ana haki, wakaacha nakala. Sisi hatuna haja ya kungoja hivyo. Msomaji wetu uliye mjumbe wa kamati ya ujenzi, au wa halmashauri ya walei, tunakuomba jambo moja dogo katika kikao kijacho. Kabla simu yenye picha za dukani haijazungushwa mezani, nyoosha mkono, uulize: hapa kwetu nani anaweza?